Namba za aloi

Namba za aloi ni tarakimu, pengine pamoja na herufi, zinazoonyesha aloi fulani imeundwa kwa elementi gani na kwa kiasi gani. Aloi ni metali iliyochanganywa na elementi nyingine: feleji (chuma cha pua) ni chuma chenye kaboni kidogo, bronzi ni shaba yenye stani, na shaba njano ni shaba yenye zinki. Namba zinahitajika kwa sababu jina moja kama "feleji" hubeba aloi nyingi zenye tabia tofauti.

Feleji

Katika mfumo wa SAE, chama cha wahandisi cha Marekani, feleji za kawaida huwa na tarakimu nne. Mbili za kwanza hutaja aina: 10 ni feleji ya kaboni tu, 41 ina kromi na molibdeni, 51 ina kromi. Mbili za mwisho hutaja kaboni kwa sehemu za mia za asilimia. Hivyo 1020 ina kaboni ya asilimia 0.20 hivi, na 5160 ina asilimia 0.60 hivi.

Wahunzi wa Kigoma na kwingineko nchini Tanzania huijua tofauti hii hata bila namba. Springi ya lori, ambayo mara nyingi ni feleji ya 5160 au inayoikaribia, hutoa panga linaloshika makali, kwa kuwa kaboni yake huiwezesha kuwa ngumu inapopashwa moto na kupozwa ghafla. Feleji ya 1020 haiwi ngumu kiasi hicho, lakini hupindwa na kuchomelewa kwa urahisi. Fundi akichomelea springi kama feleji laini, ufa unaweza kutokea kando ya kiungo.

Feleji zisizoshika kutu zina tarakimu tatu. 304 ina takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli, ndiyo maana vijiko vingine huandikwa 18/8. 316 huongezewa molibdeni, hivyo hustahimili chumvi ya bahari zaidi.

Alumini

Tarakimu ya kwanza kati ya nne huonyesha elementi kuu iliyoongezwa:
- 1: alumini tupu, angalau asilimia 99
- 2: shaba
- 3: manganisi
- 4: silisi
- 5: magnesi
- 6: magnesi na silisi
- 7: zinki

Sufuria nyingi za viwandani ni za kundi la 3, na fremu za madirisha ni za kundi la 6.

Mfumo wa UNS

Mfumo huu ulianzishwa Marekani katika miaka ya 1970 ili kuunganisha orodha mbalimbali. Hutumia herufi moja na tarakimu tano. Feleji 1020 ni G10200, feleji 304 ni S30400, na shaba njano yenye asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki ni C26000.

Mipaka ya namba

Si kila namba iliyo kwenye metali ni ya aloi. Geji ya bati ni unene: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Namba 500 kwenye nondo hutaja nguvu yake kwa megapaskali.

Vilevile, namba ya aloi hufaa pale tu mchanganyiko unapojulikana. Sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu vya kila aina haina namba ya kuaminika, na inaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.