Ugeni wa Uhabeshi na Basi la Mandera

Waislamu wa kwanza kuihama Makka hawakupokewa na Waislamu wenzao. Mnamo mwaka 615, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaelekeza wafuasi wake waliokuwa wakiteswa wavuke bahari kwenda Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Kisa hiki tumekipata kwa ulimi wa mwanamke, Bi. Ummu Salama (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa wahajiri hao.

Makuraishi waliwatuma Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi alikataa kuhukumu kabla hajawasikia. Sayyidna Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akaeleza hali yao, kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam, mfalme akalia hata ndevu zikalowa.

Wahadhiri wetu wengi huishia hapo, nasi twaona wanakiacha kiini. Kesho yake Amr alirejea na fitina: waulizwe wanasema nini juu ya Issa. Wahajiri waliingiwa na hofu, kwani jibu la kuwapendeza wenyeji lilikuwa rahisi kulitamka. Wakakata shauri kusema kile tu walichofundishwa. Jaafar akajibu kwamba Issa ni mja wa Allah na Mtume wake, na neno lake alilompelekea bikira Maryam. Maaskofu waliguna, lakini mfalme aliwapa wageni amani na kuzirudisha zawadi za Makuraishi.

Huenda msomaji akasema kuwa Najashi alisilimu, hata Mtume akamswalia alipofariki. Ni kweli. Lakini mlango aliufungua akiwa Mkristo, mbele ya maaskofu wake.

Kwa jirani zetu wa Kaskazini Mashariki, mlango huo umejaribiwa kwa damu. Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa siku ya Jumapili. Viongozi wa Kiislamu wakaahidi kwamba vijana wao wangeyalinda. Novemba 2014, wauaji walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Aprili 2, 2015, mchujo kama huo ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi.

Desemba 21 mwaka huohuo basi jingine lilisimamishwa katika kaunti ya Mandera. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Wanawake waliwavisha wenzao Wakristo hijabu ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi kwa kukataa kutengana nao, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Allah amrehemu.

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na watoto, ambao takriban wote ni Waislamu, wakabaki madarasani bila wa kuwafundisha. Mikutano ya masheikh na maaskofu ina kazi yake, lakini mwalimu mgeni hakai ukumbini. Anahitaji chumba cha kupanga, maji, na jirani wa kumbishia hodi usiku. Hayo yamo mikononi mwa akina mama wa mtaa, na akiyakosa hurudi kwao kabla muhula haujaisha.