Ngazi ya Binti Acheza­ye Mpira

Jioni moja, baba mmoja wa huku chini ya Mlima Meru aliniuliza: “Karani, binti yangu kila jioni yuko uwanjani. Huo mpira utamfikisha wapi?”

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Zamani ngazi haikuwako. Mwaka 2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ilifika fainali za Afrika huko Afrika Kusini, hali nchi haina bado ligi ya taifa ya wanawake. Ligi Kuu yao ilianza Novemba 2016 kwa timu 12, zilizogawanywa makundi mawili. Na bingwa wa kwanza, mwaka 2017, hakutoka jiji kubwa: alikuwa Mlandizi Queens, wa mji mdogo wa Mkoa wa Pwani.

Baadaye wenye nguvu waliingia. JKT Queens walitwaa ubingwa 2018, 2019, 2023 na 2025. Simba Queens 2020, 2021, 2022 na 2024.

Tazama sasa msimu wa 2022/23. Timu zilikuwa 10. Kila moja ilikutana na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, yaani michezo 18. Kushinda ni pointi 3, sare ni 1. Za mwisho hushuka, na nyingine hupanda kutoka daraja la chini. Arusha tulikuwamo, kwa timu ya The Tigers Queens. Msimu uliofuata hatukuwamo. Kumbe safari 9 za ugenini, Mwanza, Dodoma, Iringa, Dar es Salaam, zataka nauli, chakula na malazi. Mguu wa mchezaji peke yake hautoshi.

Basi nilimjibu hivi: “Mzee wangu, ngazi iko, lakini ni ndefu, na wengi hawafiki juu. Masomo yasiachwe. Ujue mwalimu wake ni nani, na saa ya kurudi nyumbani. Lakini usimzuie. Mwaka 2025 Twiga Stars walirudi fainali za Afrika, huko Morocco, wakatoka sare 1–1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Wale nao walianza viwanja vya vumbi.”

Hakunijibu neno. Juma lililofuata nilimwona soko la Tengeru, akiuliza bei ya njumu.