Taa za Darini na Dhana Mbaya



Mwezi huu twakusudia kuzungumza juu ya taa. Si kandili za maulidi wala taa za misikitini, bali zile taa ndogo za duara zinazozamishwa katika dari za nyumba zetu, ambazo mafundi huziita spotilaiti. Huenda baadhi yenu mkauliza jambo hili laingiaje katika gazeti la dini. Lililotufanya tushike kalamu ni nyumba moja ya Bagamoyo, iliyo upande wa njia ya kwendea Kaole, ambayo taa zake zilikaribia kukata udugu wa watu. Na lau Mwenyezi Mungu asingaliwaepusha wenyewe, huenda zingaliiteketeza nyumba pia. Wenyewe wametupa ruhusa ya kuyaeleza haya, kwa sharti la kutowataja majina.

Mwenye nyumba alifanya kazi Maskati kwa miaka mingi, na aliporudi kujenga alikuja na taa za halojeni kwa ajili ya sebule yake, kumi kwa idadi, kila moja ya wati 50. Wakati ule hizo ndizo zilizokuwa taa za fahari. Balbu zake hazitumii umeme wa volti 230 kama uingiavyo nyumbani, bali hutumia volti 12 tu, na kwa hiyo juu ya dari hufichwa visanduku vya kuupunguza umeme huo, viitwavyo transfoma. Katika nyumba hii kila transfoma ilihudumia taa mbili. Tafadhalini lishikeni neno hilo, kwani ndilo fumbo lote.

Balbu zikaanza kufa moja moja. Kijana wa nyumba, ambaye ni hodari wa mikono, kila ilipokufa moja alinunua ya LED ya wati 5 yenye miguu miwili kama ile ya zamani, akaichomeka. Ikawaka, naye akasifiwa. Ikapita miezi kadha. Kisha akaja shangazi yao kutoka Pangani, mjane, ili akae nao. Katika wiki ile ile aliyofika, kijana alibadilisha balbu nyingine, na jioni yake taa mbili zilizo karibu na mlango zikaanza kupepesa: zawaka, zazima, zawaka tena, huku dari ikitoa mlio kama wa nyuki. Baada ya siku chache zikafuata mbili nyingine.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwanza yalisemwa jikoni kwa mzaha, kwamba mgeni amekuja na wenziwe. Kisha mzaha ukaondoka, maneno yakabaki. Bagamoyo ni mji wa elimu na zikri. Ndipo alipofundisha Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na wanafunzi wakamjia kutoka mbali. Lakini hata mji wa elimu una majirani, na jirani mmoja akamtaja mganga. Fedha zikatengwa. Na yule mama, aliyeyasikia yote kwa kuwa kuta zina masikio, alifunga nguo zake akaenda kwa jamaa zake Mlingotini bila ya kugombana na mtu.

Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Kurani Tukufu imewataja. Na kusoma Kurani nyumbani ni kheri wakati wote, taa zikipepesa au zisipopepesa. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya na kusengenyana. Ni ilimu gani aliyokuwa nayo mtu yeyote katika nyumba ile hata amtuhumu mjane kwa sababu ya balbu? Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuwa na tabia hiyo ya kukata shauri kabla ya kutazama. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na macho katika karne ya 11, alizijaribu kwa majaribio kauli zilizosemwa juu ya mwanga.

Baba wa nyumba, Mungu amjazi kheri, aliona haya kumlipa mganga kabla ya kumwita fundi. Akamwita fundi wa umeme mwenye leseni ya EWURA. Fundi yule hakupanda hata ngazi. Aliuliza tu:

“Mzee, balbu hizi zilibadilishwa lini, na nani?”

Kijana akaeleza. Fundi akacheka, kisha akapanda akateremsha transfoma moja, akawaonyesha maandishi yaliyo ubavuni mwake: wati 35 hadi 105. Maana yake ni kwamba transfoma ya namna hiyo haifanyi kazi sawasawa ikiwa mzigo wake umepungua chini ya wati 35. Balbu mbili za halojeni zilikuwa wati 100, nayo ikatulia. Moja ya halojeni na moja ya LED zikawa wati 55, ikatulia pia, ndiyo maana kijana alisifiwa. Lakini ilipokufa na ile ya pili, zikawa LED mbili, yaani wati 10 tu; basi transfoma ikawa yashika na kuachia. Ilitokea kwamba balbu ile ya pili ilikufa wiki aliyokuja shangazi.

Hayo peke yake yangalitosha kwa aibu. Lakini fundi alipotia kichwa juu ya dari aliona jambo lililomnyamazisha. Juu ya taa moja ya halojeni iliyokuwa bado nzima, jipsamu imegeuka rangi ya kahawia, na kando yake panya wamejenga kiota kwa makumbi ya nazi, na waya umetafunwa mpaka shaba yaonekana. Balbu nyingi za halojeni za volti 12 zina kioo kinachotupa mwanga mbele na kupitisha sehemu kubwa ya joto nyuma, yaani juu ya dari. Waliolala chini yake usiku hawakujua kitu.

Wasomaji wetu watakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba panya aliukokota utambi wa taa akautupa juu ya mkeka aliokuwa ameukalia Mtume (s.a.w.), ukaungua pahala kadiri ya dirhamu; naye akaagiza taa zizimwe watu wanapolala. Wako wanaodhani kwamba agizo hilo limekwisha na koroboi. Panya hawajakwisha.

Sasa tueleze kazi ilivyofanywa, kwani wengi wa ndugu zetu waliojenga Kerege, Mapinga na Bunju wana taa za namna hii. Fundi alizima mein swichi, wala hakutosheka na swichi ya ukutani. Kwa sababu katika nyumba nyingine nyaya zimefungwa kinyume, taa huzimika na umeme ungali upo pale pale. Hata hivyo alipima kwa tesita kabla ya kugusa. Alizitoa transfoma zote tano, asibakishe hata moja, akafunga holda mpya za volti 230 na balbu za LED za wati 6, zile zenye miguu minene ya kuzungushwa. Maungio aliyatia katika visanduku vyenye vifuniko, hakuyasokota na kuyavika utepe. Waya uliotafunwa aliubadilisha wote, na vijana wakafagia juu ya dari na kuziba matundu ya panya. Fremu nazo zilikuwa zimekwisha: chumvi ya bahari ilikuwa imezila springi zake, na mbili zilikuwa zaning'inia kwa waya. Kabla ya kununua mpya alipima upana wa matundu, kwani tundu likizidi taa huanguka, na likipungua jipsamu hukatwa upya na kupasuka.

Ama nyumba za zamani za mawe katika mji mkongwe, zenye dari ya boriti na chokaa, sisi twaona zisitobolewe hata kidogo. Ziwekewe taa za kufungwa juu juu. Na mabaraza yaliyoezekwa makuti yasipate kamwe halojeni.

Katika upande wa matumizi, hesabu ni nyepesi. Taa kumi za wati 50 zikiwashwa saa sita kila usiku hula yuniti 3, ambazo ni yuniti 90 kwa siku 30. Taa kumi za wati 6 kwa muda huo huo hazifiki yuniti 11. Anayenunua LUKU ajua maana ya tofauti hiyo, na israfu imekatazwa hata kwa mwenye nacho. Nchi za Ulaya zimeziondoa madukani balbu nyingi za halojeni. Haitupasi sisi kuwa jaa la kumalizia mabaki.

Zile fedha zilizotengwa kwa mganga ndizo zilizonunua holda na balbu, na zikabaki kidogo. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, baba na kijana walikwenda Mlingotini. Kijana ndiye aliyesema kwanza, akaeleza habari ya wati 35 tangu mwanzo hadi mwisho, na baba akaomba radhi kwa ajili ya nyumba nzima. Shangazi aliwasikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akauliza:

“Na ya chumbani kwangu, mwanangu, mmeibadilisha?”

Haikuwa imebadilishwa. Kijana akatoka uani akampigia fundi simu.