Miaka 15 Bwawani, 16 Ziwani

Kila mwaka hawakosekani wenzetu wachache wanaohangaikia visa ya J-1 ili likizo ndefu waende Marekani kufanya kazi kwenye kambi za watoto za kiangazi. Sharti la umri wanalijua: mlezi wa kambi anayetoka nje lazima awe ametimiza miaka 18. Basi tunadhani kila mfanyakazi kule ni mtu mzima. Wapi! Unaweza kufika una miaka 23, field umeshafanya mara mbili, ukakuta aliyekaa kwenye kiti kirefu kando ya maji, filimbi mdomoni, ni kijana wa miaka 16. Yeye ndiye mwokoaji, na akipuliza unatoka majini.

Sheria ya shirikisho inasema hivi. Mwenye miaka 14 haajiriwi kazi ya uokoaji kabisa. Wa 15 anaruhusiwa, ila awe na cheti cha Msalaba Mwekundu wa Marekani au taasisi ya aina hiyo, na afanye kazi kwenye bwawa la kuogelea au kwenye viwanja vya michezo ya maji. Ziwani, mtoni na baharini asubiri afikishe 16. Majimbo yanaweza kukaza zaidi, na yakikaza, inafuatwa sheria iliyo kali.

Sasa mwaka mmoja unabadilisha nini? Kwa mwili wa kijana, si kikubwa. Kinachobadilika ni maji. Bwawani sakafu inaonekana. Kambi nyingi ziko kando ya ziwa, na maji ya ziwa mara nyingi yana rangi ya chai, chini tope; mtoto akishuka mita mbili humwoni tena. Na anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema, maana pumzi ya kuita hana. Ndiyo maana watoto huogelea wawili wawili. Filimbi ikilia, kila mmoja anashika mkono wa mwenzake, wanainua juu, wanahesabiwa. Hesabu isipotimia, wote nje, utafutaji unaanza.

Cheti chenyewe si cha mchezo. Kwenye jaribio moja unaogelea kama mita 18, unazama kina cha mita 2 hadi 3, unaibuka na mzigo wa kilo 4.5, unarudi kwa mgongo mikono yote miwili imeushika, yote ndani ya dakika 1 na sekunde 40. Sisi tuliojifunzia Kigamboni tujipime kwanza kabla ya kujitapa.

Lakini kuna jambo ambalo saa ya mkononi haipimi: kijana wa 16 kumwamuru mkubwa. Sisi tuliozoea kuamkiwa shikamoo na rika lake tunaweza kuona ni utovu wa adabu, tukachelewa kutoka. Sekunde hizo ndizo anazozihitaji kuhesabu watoto. Mimi naona 16 inatosha, mradi pawe na msimamizi mtu mzima karibu. Akiachwa peke yake na ziwa zima, hapo sikubaliani, hata kama cheti anacho.

Bahati mbaya ni uhaba. Juni 2020 Marekani ilisimamisha visa za J-1 za kambi, na kozi nyingi za uokoaji zilifungwa kwa sababu ya korona. Misimu iliyofuata mabwawa mengi yalipunguza saa za kufungua, na baadhi ya sehemu zikashusha umri.

Halafu huyo wa miaka 15 kisheria bado ni mtoto: shule zikifungwa, mwisho wake ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Akimaliza zamu, nani anakaa kwenye kile kiti? Uliza kwenye usaili, kabla hujalipia tiketi. Maana siku moja mtu atakwambia, "kaka, nishikie filimbi dakika tano nikale," na wewe cheti huna. Usiipokee. Mwambie awatoe watoto majini kwanza, ndipo aende kula.