Maumivu ya Mgongo: Wanafunzi wa Tiba Hufunzwa Kuuliza "Tumejuaje?", na Mkaazi Pia Anaweza Kuuliza

Mkaazi wa Kitengela au wa mji wa Kajiado anayeumwa na mgongo hakosi washauri. Jirani humwambia afunge mkanda kiunoni. Mwendeshaji bodaboda mwenzake humwelekeza kwa mtu wa kukanda. Bango kando ya barabara humwahidi kwamba uti wa mgongo wake utarudishwa mahali pake. Kila mshauri ana mtu anayemjua ambaye alipona. Je, mgonjwa amwamini nani, na pesa zake chache azipeleke wapi?

Swali hilo pia ni sehemu ya masomo ya wanafunzi wa tiba za mgongo, wakiwemo wa kairopraktiki. Hii ni tiba ambayo mtaalamu hutumia mikono kusukuma na kunyoosha viungo, hasa vya uti wa mgongo. Ilianzishwa nchini Marekani mwaka wa 1895 na Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport. Barani Afrika, hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg, Afrika Kusini. Huko mwanafunzi hahitimu kwa kujua kutumia mikono pekee. Ni lazima afanye utafiti wake na kuandika tasnifu. Hapa nchini, wagonjwa wengi wa mgongo huhudumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, ambao hufunzwa katika vyuo kama vile KMTC.

Kwa nini "mimi nilipona" haitoshi

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza ni kutoharakisha kuisifu tiba. Kuna sababu tatu.

Kwanza, maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe baada ya siku au wiki chache. Pili, mtu hutafuta tiba siku ambayo maumivu yamezidi kabisa, kwa hivyo hata asipotibiwa, huenda wiki inayofuata akawa na nafuu. Tatu, aliyepona husimulia kila mahali, lakini ambaye hakupona hunyamaza na kwenda kwingine.

Ndiyo maana watafiti hulinganisha makundi mawili ya watu wanaofanana. Kundi moja hupewa tiba inayopimwa, na lingine halipewi. Mgawanyo hufanywa kwa njia inayofanana na kupiga kura, ili mtafiti asiwachague wenye afya nzuri na kuwaweka upande anaoupenda. Kisha makundi yote mawili hufuatiliwa kwa namna moja.

Mfano kutoka Kajiado kwenyewe

Mmoja wa mifano mizuri ya utafiti wa aina hii ulifanywa hapa Kajiado, wakati huo ikiwa wilaya. Haukuhusu mgongo bali maji. Watafiti, baadhi yao kutoka chuo cha udaktari cha Royal College of Surgeons nchini Ireland, walitaka kujua kama mwanga wa jua unaweza kuyafanya maji ya kunywa kuwa salama kwa watoto wa jamii ya Wamaasai.

Watoto 206 wa umri wa miaka 5 hadi 16 walishiriki. Familia zote zilitumia chupa za plastiki. Kundi moja liliweka chupa juu ya paa, juani, na lingine likaziweka ndani ya nyumba. Kila kundi lilikuwa na chupa kwa sababu moja: kama kundi la jua pekee lingepewa chupa, hakuna ambaye angejua kama kilichosaidia ni jua au ni chupa safi yenye kifuniko.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1996 katika jarida la tiba la Lancet. Wiki 12 za utafiti ziligawanywa katika vipindi sita vya wiki mbili. Kwa wastani, mtoto wa kundi la jua aliharisha katika vipindi 4.1, na yule wa kundi la ndani katika vipindi 4.5. Tofauti ilikuwepo, lakini haikuwa muujiza. Hapo mwanafunzi hujifunza kutouliza tu "je, inasaidia?" bali pia "inasaidia kiasi gani?"

Baadaye, muda mfupi baada ya utafiti mwingine kama huo kumalizika, kipindupindu kilizuka katika eneo hilo. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji yaliyowekwa juani, watatu waliugua. Kati ya watoto 144 wa kundi la kulinganisha, waliougua walikuwa 20. Kwa watu wazima na watoto wakubwa, hakukuwa na tofauti ya kutosha. Watafiti waliyaandika yote mawili, lililowafurahisha na ambalo halikuwafurahisha, katika ripoti ya mwaka wa 2001.

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Mwaka wa 2009, matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini nchini Bolivia yalichapishwa. Huko hakukupatikana ushahidi wa kutosha kwamba njia hiyo ilipunguza kuhara. Ni takriban theluthi moja tu ya familia zilizofunzwa ndizo zilizoitumia. Funzo ni kwamba utafiti mmoja haumalizi neno, na tiba nzuri ambayo watu hawaifuati haiwezi kuwasaidia.

Ushahidi unasema nini kuhusu mgongo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka wa 2020. Desemba 2023, shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya muda mrefu ya aina hiyo ambayo hayana ugonjwa mwingine nyuma yake.

Mwongozo huo unaunga mkono mazoezi ya mwili, mafunzo ya kumsaidia mgonjwa kujitunza, na baadhi ya dawa za kupunguza maumivu na uvimbe. Kukanda na kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono pia kumo, lakini kwa tahadhari, kwa sababu ushahidi wake bado si wa nguvu. Mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mgongo kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni hazipendekezwi kwa matumizi ya kawaida.

Maswali ya kumuuliza anayekutibu

Mkaazi hahitaji digrii ili aulize maswali haya:

1. Tiba hii imelinganishwa na nini, na ilisaidia kiasi gani?
2. Ina madhara gani?
3. Nikingoja huku nikifanya mazoezi mepesi, nini kinaweza kutokea?
4. Umesajiliwa na nani? Wataalamu wa fiziotherapia husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, na wanapaswa kuwa na leseni.

Mtaalamu aliyefunzwa vizuri hatakasirishwa na maswali hayo. Anayeahidi kuponya kila kitu, tena kwa malipo ya awali, ni wa kutiliwa shaka.

Zipo dalili ambazo hazifai kungojewa wala kukandwa. Fika hospitalini mara moja ukiwa na ganzi sehemu za siri, miguu inayolegea, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu baada ya kuanguka au ajali. Homa, jasho jingi la usiku na kupungua uzito pia ni dalili za kumwona daktari bila kuchelewa, kwani kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo.

Mtafiti akibisha hodi

Ushahidi hutoka kwa watu, na huenda siku moja mwanafunzi akafika nyumbani kwako akiwa na karatasi ya maswali. Una haki ya kumwomba kitambulisho chake na leseni ya utafiti ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Ni lazima akueleze, kwa lugha unayoielewa, anachunguza nini na kwa nini. Unaweza kukubali, kukataa, au kuacha katikati, bila kunyimwa huduma yoyote ya afya. Maelezo yako yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Ukikubali, jibu kwa ukweli, hata kama jibu ni kwamba dawa haikusaidia. Familia za Kajiado zilizoweka chupa ndani ya nyumba hazikupata faida ya jua wakati wa utafiti ule. Bila wao, hakuna ambaye angejua jua lilisaidia kiasi gani.