Mipango ya Kigaeli Haijafika Sebuleni

Sensa ya Uskoti ya mwaka 2022 inaweza kumdanganya anayeisoma harakaharaka. Watu wenye ujuzi wowote wa Kigaeli waliongezeka kutoka takribani 87,000 mwaka 2011 hadi 130,000. Lakini katika visiwa vya Outer Hebrides, ngome ya mwisho ya lugha hiyo, wanaoizungumza walishuka chini ya nusu ya wakazi kwa mara ya kwanza.

Chanzo cha kushuka huko ni cha zamani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1872 ilieneza shule za umma bila kukitaja Kigaeli hata mara moja. Watoto wakasomeshwa kwa Kiingereza, na walipokuwa wazazi wengi wao waliamini kwamba Kigaeli hakina ajira.

Serikali ilijaribu kurekebisha. Sheria ya mwaka 2005 iliunda Bòrd na Gàidhlig, yaani bodi ya Kigaeli, na kuipa mamlaka ya kuzitaka taasisi za umma ziandae mipango ya lugha. Leo magari ya polisi yameandikwa Poileas, yaani polisi kwa Kigaeli, stesheni za reli zina majina mawili, na mtoto wa Glasgow anaweza kujifunza hesabu kwa Kigaeli. Ni mafanikio ya kweli, na huenda yamechangia kupandisha takwimu za kitaifa.

Visiwani hali ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa wanaokitumia Kigaeli katika maisha yao ya kila siku ni kama 11,000 tu, wengi wao wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Bibi huongea Kigaeli na jirani yake; mjukuu akiingia, wote wanahamia Kiingereza. Kijana akimaliza shule huenda bara kutafuta masomo na kazi. Akitaka kurudi, anakuta nyumba za kijijini zimenunuliwa na wageni wa likizo kwa bei asiyoimudu.

Hapo ndipo mipango ya maofisini inapokwama: inasimamia barua, vibao na tovuti, ilhali lugha hurithishwa nyumbani. Sheria mpya ya mwaka 2025 imekipa Kigaeli hadhi rasmi na kuruhusu maeneo maalumu ya lugha kutengwa. Ipimwe kwa idadi ya familia changa zitakazopata nyumba, kazi na chekechea katika visiwa kama Lewis na Uist. Wanaosimamia makazi, feri na ajira nao wawajibishwe kwa hatima ya Kigaeli.