Picha Isiyoandikwa Haifundishi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, anga upande wa Goma ilikuwa nyekundu, nasi wakazi wa Nengo, mjini Gisenyi, tulisimama uani tukiitazama bila kujua asubuhi itatukuta wapi. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Mitetemeko ilifuatana, nyumba zikapata nyufa, na watu wengi wakalala nje kwa kuziogopa kuta zao wenyewe. Katika hali kama hiyo kila mmoja hutoa ndani kile anachoona hakina badala. Mke wangu alitoa vyeti na mablanketi ya watoto. Mimi nilitoa sanduku dogo la bati la mama yangu, lenye picha za jamaa zetu.

Tulipokuwa tumeketi nje, binti yangu alilifungua sanduku lile, akawa anazitoa picha moja moja kwa mwanga wa tochi. "Huyu nani, Bibi?" Mama akamjibu: huyu ni shangazi wa baba yako, huyu ni padri aliyembatiza baba yako, huyu ni jirani yetu wa zamani. Ndipo ikatoka picha ya kijana aliyevaa sare za jeshi, amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, mkono wake umeegemea kiti. Mama aliitazama kwa muda mrefu. "Ni mtu wetu," alisema, "wa upande wa babu yako. Jina lake limenitoka." Tuliigeuza picha ile. Nyuma yake palikuwa peupe.

Miezi michache baadaye alitutembelea mpwa wangu, ambaye anasomea sanaa katika chuo kikuu kimoja huko Kampala. Nilimpa picha ile aione. Kabla hajautazama uso wa yule askari, aliigeuza nyuma. Nilicheka, nikamwuliza anatafuta nini mahali pasipo na mtu. "Mjomba," akanijibu, "chuoni sisi hufundishwa kuisoma picha kwa nyuma kwanza." Maneno yale yalinikaa moyoni, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

KABATI LA PICHA CHUONI

Mwalimu wa historia ya sanaa ana shida ambayo mwalimu wa hesabu hana. Hesabu huandikwa ubaoni. Lakini msikiti wa kale, sanamu ya mawe au nyumba ya mfalme havibebeki hadi darasani, wala wanafunzi hawana nauli ya kuvifuata vyote duniani. Kwa sababu hiyo, tangu karne ya 19 vyuo vikuu vya Ulaya vilianza kukusanya picha. Kwanza zilikuwa picha za vioo, zilizomulikwa kwa taa zikaonekana kubwa ukutani. Mswisi Heinrich Wölfflin, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin kuanzia mwaka 1901 hadi 1912, alijulikana sana kwa desturi ya kumulika picha mbili kwa pamoja, moja kando ya nyingine, ili wanafunzi wazilinganishe na kutambua zinapofanana na zinapotofautiana.

Baadaye zikaja slaidi, yaani vipande vidogo vya filamu ndani ya fremu yenye upana wa sentimita 5. Vyuo vingi vilijaza makabati kwa makabati ya slaidi hizo. Kisha kompyuta ikashika nafasi yake, na mwaka 2004 kampuni ya Kodak ikaacha kutengeneza projekta za slaidi. Pamoja na hayo, makusanyo makubwa yangalipo. Taasisi ya Courtauld ya London, iliyoanzishwa mwaka 1932, ina maktaba iitwayo Conway yenye karibu picha milioni moja za majengo na sanamu.

Lakini msomaji asidhani kwamba thamani ya kabati la namna hiyo iko katika wingi wa picha tu. Picha ya chuo hubandikwa juu ya kadi, na kwenye kadi huandikwa nchi, mji, jina la jengo, sehemu ya jengo, wakati lilipojengwa, na jina la aliyepiga picha pamoja na tarehe. Kadi hupangwa kwa taratibu hiyo hiyo, hata mwanafunzi anayetafuta mlango mmoja wa msikiti mmoja aupate bila kupekua kabati zima. Ukizifuta kadi hizo maandishi, kinachobaki ni rundo la karatasi.

Nasi Afrika Mashariki hatumo nje ya jambo hili. Makerere ilipata mafunzo yake ya sanaa mwaka 1937 kwa juhudi za Bi. Margaret Trowell, na karibu nasi hapa Rubavu, shule ya sanaa ya Nyundo ilianzishwa mwaka 1952. Isitoshe, picha za nchi zetu zinatumika hata mbali. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilipata mwaka 2002 mkusanyiko wa Winterton, wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960.

MNARA UNAOTAJA MWAKA

Mpwa wangu alinionyesha namna mwanafunzi anavyozoezwa. Alinipa kwenye simu yake picha tatu za ufuko wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe, akaniambia nizipange kwa kufuata umri wao.

Katika picha ya kwanza, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib palikuwa na mnara uliosimama peke yake. Katika ya pili, mnara ulikuwa umeungana na uso wa jumba lenyewe. Katika ya tatu hapakuwa na mnara, na sehemu ya mbele ya jumba ilikuwa kifusi. Nilikuwa sina la kusema mpaka aliponieleza. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga eneo la kasri, na mnara wa mbele ukaharibika vibaya. Ndipo mwaka 1897 mnara mpya wa saa ukajengwa katika uso wa Beit al-Ajaib. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka. Basi picha yenye mnara wa peke yake haikupigwa baada ya vita vile vya 1896, na yenye mnara ulioungana haikupigwa kabla ya 1897.

Nilistaajabu kuona kwamba jengo linaweza kutoa ushahidi kama shahidi mahakamani. Ila shahidi huyu alisikilizwa kwa kuwa kulikuwa na picha nyingine na maandishi mengine yenye tarehe, yaliyohifadhiwa na watu waangalifu.

KISICHOONEKANA KATIKA PICHA

Hata hivyo, mwalimu mwema huwaonya wanafunzi wake kwamba picha huficha mambo. Chukua mfano wa imigongo, sanaa yetu ya Nyarubuye, mashariki ya nchi. Neno lenyewe ni ndugu wa neno la Kiswahili "migongo". Fundi huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, akajenga juu ya ubao matuta membamba yenye pembe kali, kisha akayapaka rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ukiipiga picha imigongo huku mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, matuta hupotea na mtu hudhani ni karatasi iliyochapwa rangi. Ukiipiga mwanga ukitoka ubavuni, kila tuta hutupa kivuli chake na kazi ya mkono huonekana. Wala picha haikuambii kama ubao ule ni mpana kama sahani au kama mlango. Kwa ajili hiyo vipimo na aina ya mali ghafi ni lazima viandikwe.

Jambo la pili linalofichwa ni zito zaidi, nalo ni jina la mtu. Mwaka 1907 mwana wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita Rwanda na msafara wake. Kutokana na safari hiyo ilitoka picha mashuhuri ya mchezo wetu wa kale wa gusimbuka urukiramende: kijana wa Kinyarwanda yuko hewani, na chini yake wamesimama wazungu wawili waliovaa kofia. Picha hiyo imezunguka duniani kwa zaidi ya miaka 100. Jina la Mjerumani linajulikana. Jina la aliyeruka halikusafiri pamoja na picha yake. Yule aliyesimama tu anakumbukwa, na aliyefanya kazi amebaki "kijana" hadi leo.

Sisi Wanyarwanda tunajua kwa uchungu uzito wa jina juu ya picha. Katika kumbukumbu ya Gisozi, mjini Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambamo zimetundikwa picha za jamaa waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Si picha za wapelelezi wala za magazeti. Ni picha za harusi, za ubatizo, za shuleni, zilizotolewa masandukuni na ndugu walionusurika. Anayeingia pale hahesabu maelfu, bali hukutana na mtu mmoja, kisha mwingine. Na ziko familia ambazo hazikuwa na picha hata moja ya kupeleka.

NYUMBANI TUFANYE NINI

Ndugu msomaji, sanduku lako la bati ni kabati la chuo kikuu kwa wajukuu wako. Nalo halihitaji fedha nyingi, linahitaji uangalifu na jioni chache.

Kwanza, keti na wazee wangali hai. Andika nyuma ya kila picha majina kamili kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na aliyekupa habari hizo. Usiandike "mimi" wala "shangazi", maana kesho msomaji hatajua "mimi" ni nani. Tumia penseli laini, na uilaze picha juu ya kitu kigumu, bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya au kuchafua picha iliyo chini yake. Ikiwa karatasi ni ya utelezi na penseli haishiki, andika kwenye bahasha ya karatasi uiweke picha humo.

Pili, shika picha kwa kingo zake, mikono ikiwa safi na mikavu. Epuka albamu zenye kurasa za gundi, kwani baada ya miaka gundi hung'ang'ania picha na kuichana unapoitoa. Usiweke sanduku sakafuni penye unyevu, hasa sisi tunaokaa kando ya ziwa, wala karibu na meko, wala juani. Picha unayoipenda zaidi isiachwe ukutani mahali ambapo jua huipiga kila siku. Tundika nakala, na ile ya asili itunze.

Tatu, piga nakala kwa simu, mbele na nyuma, ukampe ndugu anayekaa mji mwingine. Moto, mafuriko na tetemeko havipigi nyumba zote kwa siku moja.

Na kwenu askari na polisi nina neno la pekee. Ninyi huhamishwa kituo hadi kituo, na picha mnayotuma nyumbani aghalabu ni ya sare na tabasamu. Wenzenu waliosimama kando yenu, mke wako hawajui, na mtoto wako hatawajua kamwe usipowaandika. Kabla ya kuituma picha, chukua dakika mbili uandike: nani, wapi, lini.

YULE KIJANA WA PAZIA LA MINAZI

Kabla ya kuondoka, mpwa wangu alizipanga picha zote za sanduku juu ya meza, akaanza kuzilinganisha mbili mbili kama walivyofundishwa. Jioni aliniita. Picha ya shangazi yangu ilikuwa na pazia lile lile la minazi na kiti kile kile, na nyuma yake shangazi alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Goma, Pasaka 1969". Tulijua sasa, kwa karibu, studio iliyokuwa katika mji gani na miaka ya wakati gani. Jina hatukulipata.

Nilikaa na mama kwa majuma mawili, kila jioni picha chache baada ya chakula. Siku nyingine alikumbuka mengi, siku nyingine alichoka mapema nikamwacha apumzike. Tuliandika zote isipokuwa chache. Nyuma ya ile ya askari sikuacha tena peupe. Niliandika kwa penseli: "Mtu wetu, upande wa baba. Mwanajeshi. Huenda ni Goma, karibu na mwaka 1969, kwa kulinganisha na picha ya shangazi. Mama alimtambua Mei 2021. Jina bado halijapatikana." Chini yake nikaacha nafasi ya mstari mmoja, pengine yuko mzee mahali fulani anayelijua, naye hajaulizwa.